Miaka Niliyomtembeza Mama Kabira

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh nilifungua mlango wa gari upande usiokuwa na usukani. Ilikuwa asubuhi, huko Al-Sulay, katika uwanja wa ghala la vyombo vya nyumbani, na watu kama kumi walikuwa wakinitazama. Nilikuwa nimeendesha magari miaka ishirini na mmoja pwani ya Kenya, usukani ukiwa kulia na gari likishika kushoto mwa barabara, na mwili haukuniuliza. Ulikwenda ulikozoea. Mudiri, yaani meneja wa ghala, Mmisri aliyechomeka kalamu sikioni, alisubiri mpaka nikakaa vizuri na kunyoosha mikono kushika usukani ambao haukuwepo. Kisha akauliza kwa upole, "Dereva, nani atatuendesha leo?"

Walicheka wote, nami nikacheka. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano, na nilikuwa naanza upya.

Nyumbani nilikuwa dereva wa watalii. Niliwachukua wageni kutoka hoteli za Malindi na Watamu, wengi wao Waingereza, nikawapeleka matembezi ya siku moja na kuwarudisha kabla ya chakula cha jioni. Kisha wageni wakapungua, hoteli zikafunga milango moja baada ya nyingine, na gari nililokuwa nikiendesha likauzwa. Ilikuwa miaka ile ambayo mawakala wa kazi za Uarabuni walikuwa na ofisi kila mtaa. Mke wangu Kadzo alibaki Kilifi na watoto watatu. Mimi nikapanda ndege na vijana wa umri wa wapwa zangu, wengi wao wakienda kuwa walinzi na wabeba mizigo.

Kwa ninyi mnaotaka kuingia kazi hii, nitaeleza jinsi ilivyokuwa kwetu. Ukifika, karatasi yako ya kwanza ni ikama, yaani kibali cha kukaa. Ikama imefungwa kwa kafili, mwajiri aliyekudhamini. Pasipoti yako huwa kwake. Ukiwa na kafili mzuri unalala usingizi, na ukiwa na mbaya hakuna wa kumlalamikia aliye karibu. Wangu alikuwa mzuri, na nalisema hilo mapema kwa sababu nimewajua wenzangu ambao hawakubahatika hivyo, na sitaki kuandika kana kwamba bahati yangu ilikuwa ya wote.

Mwaka wa kwanza nilibeba sahani, glasi na mabirika kutoka Al-Sulay kwenda madukani. Nilikaa mtaa wa Al-Shumaisi, chumba kimoja na Wakenya watano. Aliyekuwa karibu nami zaidi ni Mutua, mlinzi kutoka Machakos, aliyeamini kwamba kila nchi ni kituo cha kungojea nchi nyingine. Kazi ya kubeba vyombo ilinifunza kitu ambacho utalii haukunifunza: kusimamisha gari bila abiria kujua kwamba limesimama. Unaachia mafuta mapema, unaliacha gari lichoke lenyewe, breki unaigusa mwishoni tu. Mudiri wa ghala aliandika vilivyovunjika katika kila gari. Gari langu halikuwa na cha kuandikwa.

Kafili, ambaye sote tulimwita Bosi, alikuja ghalani siku moja akasoma orodha ile. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo, anayetembea kwa uangalifu kwa sababu alikuwa amepasuliwa mgongo. Akaniita.

"Wewe ndiye usiyevunja glasi?"

"Ndiyo, Bosi."

"Mama yangu ana mifupa kama glasi. Kesho njoo nyumbani."

Hivyo ndivyo nilivyopewa Mama Kabira. Kabira kwao ni mkubwa; ndilo jina ambalo wafanyakazi wote wa nyumba walimwita mama mzazi wa Bosi. Alikuwa amepita miaka themanini, mwembamba, magoti hayana nguvu tena, lakini ulimi na macho vilikuwa vya msichana. Alikuwa amezaliwa katika kijiji cha jangwani, mbali na Riyadh, na kuolewa hapo hapo, na maisha yake yote alikuwa amekaa nyuma ya ukuta mmoja au mwingine akilea. Sasa alitaka kutoka. Kila siku alitaka kutoka. Wanawake hawakuwa wakiendesha magari wakati ule, Bosi alikuwa ofisini, kwa hiyo matembezi ya Mama Kabira yakawa kazi yangu. Madam, mke wa Bosi, au mmoja wa binti zao wawili, aliandamana nasi.

Kumtembeza mzee ni kazi yenye ufundi wake. Kwanza ni kukagua njia. Siku moja kabla, unakwenda mwenyewe, unahesabu ngazi, unaangalia choo kiko wapi na mlango wake una upana gani. Pili ni kivuli: saa hii kiko upande huu wa jengo, saa ijayo kimehama, na kiti chake kihame nacho. Halafu kuna swala, ambayo huipangi baada ya matembezi. Unayapanga matembezi kuizunguka. Na mwisho kuna kitu nilichokiita saa ya akiba. Chochote unachopanga, unakiongezea saa moja isiyo na kazi, kwa sababu mzee hakimbizwi. Nilimpeleka bustani za jumba la kale la Al-Murabba akaone watoto wakicheza kwenye majani. Majira ya baridi nilimpeleka nje ya mji kwenye mchanga mwekundu, kwa kile wanachokiita kashta: mkeka, moto wa kuni, kahawa na tende, na watu kukaa tu. Huko ndiko nilikomsikia kwa mara ya kwanza akizungumza nami bila kupitia kwa mtu. Kiarabu changu kilikuwa cha kuokoteza.

"Karisa," alisema, "kwenu kuna bahari?"

"Ipo, Mama. Nimezaliwa karibu nayo."

"Mimi nimeiona Jeddah, kwa dirisha la gari. Mume wangu alikuwa na haraka."

Majira ya joto yaliyofuata, Bosi alikodi nyumba kwa mwezi mzima katika kaunti ya Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, mahali penye bahari pande mbili. Alinieleza sababu ya kunichagua bila kuzunguka. Waingereza huendesha kushoto, na yeye, aliyekuwa ameendesha Riyadh tangu ujana, alikuwa ameijaribu barabara yao mara moja na hakutaka tena. "Wewe umelelewa upande wao," alisema. "Sasa makosa yako ya siku ya kwanza yatatufaa." Mudiri wa ghala alikuwa amemsimulia.

Viza ilipotoka, Bosi alinipa pasipoti yangu mkononi. "Ikae kwako. Ni yako." Sikuwa nimeishika tangu nilipofika.

Mutua aliposikia aliniandikia namba ya simu kwenye karatasi. "Huyu ni binamu yangu, yuko London. Ukifika huko usirudi, mzee. Watu wanatafuta nafasi hiyo miaka kumi na hawaipati." Niliitia karatasi ndani ya pasipoti.

Siwezi kueleza vizuri furaha ya siku ile nilipokaa tena kwenye usukani wa kulia. Barabara za Devon ni nyembamba, zimezama kati ya kingo za udongo na vichaka virefu kuliko gari, na mkikutana wawili, mmoja anarudi nyuma mpaka palipopanuka. Mwenye adabu hurudi kwanza. Nilikuwa nikirudi hata pasipo haja, kwa kupenda tu kupungiwa mkono.

Na matembezi ya huko, jamani. Waingereza wana kipaji cha kuchukua kitu kilichoacha kufanya kazi na kukifanya mahali pa kwenda siku ya mapumziko. Kulikuwa na treni ya mvuke inayopita ukingoni mwa bahari, ikiendeshwa na wazee wa kujitolea waliopakwa masizi kwa hiari yao. Kulikuwa na pango walimoishi watu wa zamani kabisa, na kijiji cha mfano ambacho nyumba zake zinafika gotini, hata Mama Kabira kwenye kiti chake cha magurudumu alikuwa mrefu kuliko kanisa. Kulikuwa na gati la burudani, daraja la mbao linaloingia baharini lisifike popote, lenye michezo na aiskrimu. Wageni wangu wa Malindi walikuwa wakinisimulia mahali kama hapo wakati mimi nawaonyesha kwetu, na mimi nilikuwa nikiitikia tu. Sasa nilikuwa nimesimama palepale walipopaacha.

Lakini mahali alipopapenda Mama Kabira ni shamba la punda wazee. Ni punda waliofanya kazi maisha yao yote, ufukweni wakibeba watoto au kwenye mikokoteni, na sasa wanalishwa mpaka wafe. Aliposikia hivyo aliniomba nimsogeze kwenye uzio. Utotoni mwake punda ndiye aliyevuta maji kisimani. Alimshika mmoja sikio, akazungumza naye muda mrefu, kisha akamgeukia Bosi.

"Na hawa, nani anawalipa pensheni?"

"Watu wanachanga, Mama."

"Watu wema," alisema. "Turudi kesho."

Tulirudi kesho yake, na keshokutwa yake.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Ilikuwa majira ya joto ya pili, nyumba ileile. Karibu nasi palikuwa na ufuko mpana, na mbele yake mwamba mkubwa wenye magofu ya mnara. Maji yakipwa, unatembea kwenye mchanga mkavu mpaka mwambani. Yakijaa, mwamba ni kisiwa. Mwaka uliotangulia tulikwenda mara mbili bila shida. Nilinunua kijitabu cha maji, kinachoonyesha saa za kujaa na kupwa kwa kila siku, katika duka la ndoana, na mwenye duka akanifunza jambo moja: Waingereza husogeza saa zao mbele kwa saa moja majira ya joto, lakini kijitabu kile kilifuata saa ya kawaida, kwa hiyo kila ninachosoma niongeze saa moja. Akaniambia pia kwamba njia ya mchanga iko wazi saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili baadaye. Basi.

Bosi hakuwa akijua lolote kuhusu mambo haya. Bahari aliyoijua ni ya Jeddah, ambayo maji yake hayapandi wala hayashuki kwa kiasi cha mtu kuona. Aliniachia mimi, mtoto wa pwani.

Mwaka wa pili nilinunua kijitabu kipya, duka jingine. Kwa siku tuliyoichagua, kilisema maji yatapwa kabisa saa sita na dakika kumi. Nikaongeza saa moja kama nilivyofunzwa: saa saba na dakika kumi. Kwa hesabu yangu, njia ingekuwa salama mpaka saa tisa na dakika kumi. Tulikwenda watu watatu tu, Bosi, Mama Kabira na mimi. Madam na mabinti walibaki nyumbani. Tulikodi kwa watu wa ufukweni kiti chenye magurudumu manene yaliyojaa upepo, kinachopita juu ya mchanga bila kuzama. Tulikaa upande wa mwamba unaotazama bahari, mahali pasipo na upepo. Mama Kabira alikunywa chai. Bosi alimpiga picha nyingi, kwa sababu siku hiyo alikubali kucheka mbele ya kamera. Saa nane na nusu nikasema, "Bosi, twendeni taratibu. Tuna nafasi."

Tulipozunguka mwamba, mchanga haukuwapo.

Maji yalikuwa yameingia kwa nyuma, kwenye bonde la katikati, kama yanavyofanya kila mahali duniani. Ilikuwa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu, yanayokuja mbio. Nililijua hilo. Baba yangu alikuwa akitega samaki kwa mitego ya miti na alinifunza kuyatazama maji kabla sijajua kusoma saa. Lakini siku ile macho yangu yalikuwa kwenye saa.

Yalikuwa bado ya magotini. Tukasema tutapita. Katikati yakafika mapajani, na kiti kile chenye magurudumu ya upepo kikaanza kuelea na kuinama. Bosi akamshika mama yake kutaka kumbeba, mgongo ukamkataa, akaanguka kwa magoti ndani ya maji, akasimama, akajaribu tena. Nilisimama nimekishika kiti, sijui nifanye nini. Mwanamke wa kwao, wa rika lake, hashikwi na mwanamume asiye wa damu yake. Nilimtazama Bosi na Bosi akamtazama mama yake.

"Karisa," Mama Kabira alisema, "geuka."

Nikageuka. Akanizungushia mikono shingoni, nikamweka mgongoni, miguu yake chini ya makwapa yangu. Hakuwa na uzito wa gunia la mchele. Kiti tukakiacha kiende zake. Bosi alitembea nyuma yangu akimshikilia mama yake mabega kwa mikono miwili, na sote watatu tukaenda hivyo, nikipapasa mchanga kwa nyayo, maji yakifika kiunoni, kisha kifuani mara moja tu, kisha yakaanza kushuka. Mama Kabira alikuwa akiomba dua sikioni mwangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayehesabu vitu vya sokoni. Mzee mmoja na mkewe waliokuwa wakitembeza mbwa waliingia majini wakatupokea. Walimfunika Mama Kabira kwa blanketi lililojaa manyoya ya mbwa. Alilivumilia mpaka tulipofika garini, ndipo akaniomba niliondoe.

Nyumbani, baada ya maji ya moto na daktari kuja na kuondoka, Madam aliuliza imekuwaje. Bosi alijibu, "Kosa ni langu. Nilikawia na picha. Karisa alituambia tuondoke." Nilikuwa mlangoni na sinia.

Niliketi kwenye kibaraza cha nyuma na kile kijitabu. Huko majira ya joto mwanga unakaa mpaka saa tatu usiku, kwa hiyo nilisoma kila herufi. Chini ya ukurasa wa kwanza, kwa maandishi madogo, palikuwa na sentensi moja: saa zote zimekwisha kusahihishwa kwa majira ya joto. Mtengenezaji alikuwa ameiongeza ile saa, nami nikaiongeza mara ya pili. Njia ilifungwa saa nane na dakika kumi. Picha za Bosi hazikuwa na hatia yoyote.

Nataka niseme ukweli kuhusu jioni ile. Pasipoti ilikuwa mfukoni mwangu, na ndani yake namba ya binamu yake Mutua. Asubuhi kulikuwa na basi la London. Niliwaza jinsi kesi ya dereva aliyetaka kumzamisha mama wa kafili ingesikika huko Riyadh, na nani angesimama upande wangu. Niliwaza pia kunyamaza tu, kwani Bosi mwenyewe alikuwa amekwisha kulibeba kosa. Kunyamaza ndiko kulikokuwa rahisi kuliko yote.

Asubuhi nilimkuta Bosi jikoni peke yake, akinyoosha mgongo ukutani. Nikaweka kijitabu mezani, nikamwonyesha sentensi ile, nikamweleza hesabu yote. Alisoma mara mbili.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Bosi."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu utampeleka tena Mama baharini, na utadhani ukiacha kupiga picha mtakuwa salama."

Friji lilinguruma likanyamaza. Kisha akanyoosha mkono. Nilidhani anataka pasipoti, nikaanza kuitoa. "Mafi," alisema, yaani hapana. "Ufunguo wa gari."

Nikampa. Siku mbili sikuendesha. Niliosha vyombo, nikafagia uwanja, nikangoja. Hakuna aliyenifokea, na afadhali wangenifokea. Siku ya tatu Mama Kabira alitaka punda wake, na Bosi akampakia, akaendesha mwenyewe. Baada ya nusu saa walirudi. Kioo cha pembeni cha kushoto hakikuwepo. Kilikuwa kimebaki kwenye kichaka. Bosi alishuka akiwa na jasho, akanifuata nilipokuwa nikianika nguo.

"Mama anasema hatapanda gari lolote mpaka arudishiwe dereva wake."

"Sawa, Bosi."

"Nimemwambia kosa lako. Amesema alijua tangu mwanzo kwamba si langu, kwa sababu moyo wako ulikuwa ukimgonga tumboni." Akanipa ufunguo. "Kuanzia leo, kila kitu kinachohusu maji tunakisoma watu wawili. Mimi na wewe, kila mmoja kivyake, halafu tunalinganisha. Halas."

Halas ni imekwisha. Na kwake ilikwisha kweli. Hakuitaja tena, hata siku alizonikasirikia kwa mengine. Tulisoma vijitabu wawili wawili majira mengine matatu, yeye na miwani yake, mimi na yangu, kama wanafunzi. Ninyi mnaowapeleka watu baharini, au milimani, au popote penye saa ya kurudi, chukueni hilo kutoka kwangu: saa hiyo isomwe na wawili, na anayesoma wa pili asiambiwe jibu la wa kwanza.

Namba ya binamu yake Mutua niliirudisha kwa mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyeona chakula kikimwagwa. Miaka baadaye yeye alifika Kanada, na tunapigiana simu hadi leo.

Baadaye Bosi alifungua tawi la biashara Jeddah, na familia ikahamia huko. Hiyo ndiyo iliyokuwa zamu yangu ya mwisho, na ndiyo iliyokuwa tulivu. Alasiri, jua likishapoa, nilimpeleka Mama Kabira Kornishi, ile barabara ndefu ya ufukweni yenye bustani na familia zilizotandika mikeka. Hakuna aliyekuwa na haraka. Nilimsogeza mpaka kwenye mawe, nikamvua viatu mwenyewe, kwa ruhusa yake, akaweka miguu majini. Alinifunza maneno ya Kiarabu ya kijijini kwao ambayo hata mabinti wa Bosi hawakuyajua. Mimi nilimfunza ya Kigiriama. Alifariki hospitalini, akiwa na wanawe. Nilibeba wanaume wa familia kwenda mazishini, nikasimama nje ya ukuta wa makaburi, kwani mimi ni Mkristo, nikasali nilivyojua.

Baada yake kazi ilipungua. Kisha wanawake wakaruhusiwa kuendesha, na Madam akajiandikisha katika shule ya udereva. Alipopata leseni aliniomba nikae pembeni yake wiki za kwanza. Nilimfunza kuliacha gari lichoke lenyewe. Siku aliyosimama kwenye taa bila maji ya kwenye chupa kutikisika, nilijua nimemaliza. Nilimweleza Bosi kwamba naomba kwenda nyumbani moja kwa moja. Hakunizuia wala hakunisukuma.

Alinipeleka uwanja wa ndege yeye mwenyewe. Tulipofika alizima gari lakini hakufungua mlango.

"Mama alikuwa na wana watatu," alisema. "Siku za mwisho, alipokuwa akituhesabu, alikuwa akifika wanne. Hakuna aliyemsahihisha."

Akashuka akanitolea mizigo.

Sasa ninaishi Kilifi. Watoto wamekuwa watu wazima; wawili walisomeshwa na miaka ile. Mgongo unauma kidogo asubuhi. Madereva wadogo wa watalii, kwani wageni wamerudi, hunipitia kuuliza njia na desturi, na mimi huwaambia mambo haya haya. Nikiulizwa kama najuta kwenda, nasema sijutii. Nilipewa watu walioniamini na kitu chao cha thamani kuliko vyote, na nilipoharibu wakaniamini tena. Si kila mtu hupata hilo hata kwa ndugu zake.

Lililonisumbua ni jingine. Mwezi wa pili baada ya kurudi, Kadzo aliniuliza shamba la punda lilikuwaje, nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hajawahi kupelekwa matembezi. Hakuwa akilalamika. Nilihesabu: nimewatembeza watu miaka karibu thelathini, katika nchi tatu, na mke wangu alikuwa amekwenda sokoni, kanisani, shuleni kwa watoto na hospitalini.

Nikaazima gari la mpwa wangu. Siku moja kabla nilikwenda Marafa peke yangu nikakagua njia, nikahesabu hatua, nikatazama kivuli. Kesho yake nikampeleka. Ni bonde lililomong'onyoka, kuta zake nyekundu na nyeupe na za rangi ya chungwa, na jua likiinama zinabadilika kila ukitazama. Wageni hutoka mbali kuliona. Nilimtandikia mkeka mahali nilipopachagua, nikammiminia chai.

Alikunywa chai akizitazama kuta.

"Tunaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Utakapotaka."

Akavua viatu, akanyoosha miguu, akaniambia nisogee nikae.